Somo: Namna ya kuchagua programu ya kutengeneza onesho la picha lenye maandishi na muziki

Mtu anayetaka kuunganisha picha za mahafali, za sendofu au za wasifu wa marehemu ziwe video moja yenye maandishi na muziki kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni programu ipi iliyo nzuri kuliko zote. Swali hilo haliwezi kujibiwa mpaka yajulikane mambo mawili: video itaoneshwa wapi, na mashine itakayoitengeneza ina uwezo gani. Matangazo ya programu husifia mamia ya mitindo ya mipito (namna picha moja inavyoipisha nyingine) na mapambo, lakini mapambo hayajawahi kuokoa sherehe ambayo televisheni ya ukumbini imekataa kusoma flashi. Ndiyo maana somo hili linaanzia mwisho wa kazi, yaani kwenye faili litakalotoka.

Hatua ya kwanza: jua mahali video itakapooneshwa

Kumbi nyingi za sherehe hapa Dodoma zina projekta au televisheni kubwa, na umbo linalofaa humo ni lile pana la 16 kwa 9, lenye pikseli 1920 kwa 1080. Ikiwa video inakwenda kwenye hali (status) ya WhatsApp au itatazamwa kwenye simu tu, umbo la kusimama la 9 kwa 16 linafaa zaidi. Baadhi ya shule na makanisa bado yana projekta za zamani za umbo la 4 kwa 3. Humo video pana itaonekana ikiwa na mistari myeusi juu na chini, nayo maandishi madogo yatazidi kuwa madogo. Chagua programu inayokuruhusu kuamua umbo kabla ya kuingiza picha ya kwanza, kwa sababu kubadili umbo baadaye huvuruga mpangilio wa maandishi yote.

Faili litakalotoka liwe la MP4, picha zikiwa zimebanwa kwa H.264 na sauti kwa AAC, ambazo ni njia za kubana data ili faili liwe dogo. Mchanganyiko huo ndio unaosomwa na karibu kila simu, kompyuta na televisheni inayopokea flashi. Programu isiyoweza kutoa faili la namna hiyo iache, hata kama marafiki wanaisifia.

Hatua ya pili: pima mashine yako

Kompyuta mpakato yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 inaweza kutengeneza onesho la picha, mradi isipewe programu nzito. DaVinci Resolve, kwa mfano, inatolewa bure na ni ya kitaalamu kabisa, lakini inahitaji RAM ya kutosha na kadi nzuri ya grafiki. Kwenye mashine ndogo itakwama na kukukatisha tamaa bila sababu. Picha zinazotoka kwenye simu za kisasa nazo ni kubwa kuliko kioo kitakachozionesha, kwa hiyo zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1920 hivi, au kubwa kidogo ikiwa unataka kamera isogee taratibu juu ya picha. Kazi hiyo ndogo huipunguzia kompyuta mzigo zaidi ya ushauri mwingine wowote nitakaoutoa hapa.

Picha za iPhone ziangalie kwa makini. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo huweza kuhifadhi picha katika muundo wa HEIC, na programu kadhaa za kompyuta hazifungui muundo huo. Zigeuze ziwe JPEG kwanza.

Hatua ya tatu: pitia programu zenyewe

Nianze na zile za kuepuka. Windows Movie Maker, ambayo wengi wetu tuliizoea, Microsoft iliacha kuitoa mwezi Januari 2017. Ukikutana na tovuti inayodai kuwa na toleo jipya lake, ipite, kwa maana nakala za ulaghai zimewahi kusambazwa kwa jina hilo. ProShow, iliyopendwa sana na studio za picha, ilikuwa mali ya kampuni ya Photodex, ambayo ilifunga shughuli zake mwezi Januari 2020. Nakala zake zilizovunjwa kinga bado zinapita kutoka flashi hadi flashi. Kuzitumia ni kuvunja sheria na ni kukaribisha virusi, na zaidi ya hayo ni kujenga kazi yako juu ya programu ambayo hakuna mtu anayeitengeneza tena.

Kwa anayeanza na tayari ana PowerPoint, sioni sababu ya kutafuta mbali. Kwenye sehemu ya kuingiza kuna albamu ya picha, ambayo hupanga picha zote, moja kwa kila slaidi, kwa mara moja. Muziki unaweza kuwekwa uendelee kulia kutoka slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Na matoleo ya kuanzia 2013 hutoa video ya MP4. Maandishi ya PowerPoint ni rahisi kuyarekebisha kuliko ya programu nyingi za video, jambo ambalo kwa wasifu wenye majina na tarehe nyingi ni la thamani kubwa. Udhaifu wake ni kwamba kulinganisha mabadiliko ya picha na mapigo ya muziki ni kazi ngumu.

Anayetaka kupanda ngazi moja ajaribu Shotcut au OpenShot. Zote mbili ni bure, ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), hazibandiki nembo juu ya video na zinafanya kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa. Shotcut ina kitengeneza onesho ndani yake: unachagua picha zote kwenye orodha, unataja sekunde za kila picha na urefu wa mpito, nayo inazipanga yenyewe. OpenShot ina dirisha linalofanana na hilo unapoingiza picha nyingi kwa pamoja, na kwa maoni yangu sura yake inaeleweka haraka zaidi kwa mgeni. Kdenlive nayo ni huria na ina uwezo mkubwa, ila inadai muda wa kujifunza. Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021, huja na Windows 11 na hutoa video ya 1080 bila nembo. Shida yake ni kwamba inataka akaunti na intaneti, na intaneti ikikatika usiku wa kuamkia sherehe utakaa unasubiri.

Kwenye simu, VN hutoa video bila nembo bila malipo. InShot na KineMaster hubandika nembo kwenye toleo la bure. CapCut huongeza kipande chenye nembo yake mwishoni, ambacho unaweza kukifuta, lakini baadhi ya mapambo yake ni ya kulipia, na mara nyingi utaambiwa hivyo wakati wa kutoa video, ukiwa umekwisha kuyatumia. Wenye vifaa vya Apple wanayo iMovie bure.

Hatua ya nne: fanya jaribio dogo kutoka mwanzo hadi mwisho

Hatua hii ndiyo inayoamua. Kabla ya kupanga picha zote, chukua picha kumi, kichwa kimoja cha maandishi na dakika moja ya muziki, kisha toa video na uicheze kwenye televisheni au projekta ile ile itakayotumika. Angalia kama kuna nembo iliyojitokeza, kama muziki unashuka taratibu mwishoni au unakatika ghafla, kama picha zilizopigwa simu ikiwa wima zimelala ubavu, na kama maandishi yanasomeka kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa. Baadhi ya televisheni hukata kingo za picha, kwa hiyo majina ya watu yasiwekwe karibu na ukingo. Tumia maandishi meupe juu ya kivuli cheusi. Maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya picha yenye mwanga mwingi hupotea, ingawa kwenye kioo cha kompyuta yalipendeza.

Programu iliyoshindwa jaribio hili haitafaulu ukiiongezea picha mia moja.

Hatua ya tano: piga hesabu ya muda

Mipito hula muda, kwa sababu picha inayoondoka na inayoingia hupandana. Ukiwa na picha 60, kila moja ikikaa sekunde 5 na mpito ukiwa wa sekunde 1, utapata sekunde 300 ukitoa 59, yaani sekunde 241, ambazo ni dakika nne na sekunde moja. Hesabu hiyo inakuwezesha kuchagua wimbo unaolingana, badala ya kurudiarudia wimbo mmoja au kuukata katikati ya ubeti. Wageni huchoka; kwangu mimi, onesho la sherehe linalozidi dakika saba limezidi. Picha zenye maandishi marefu zipe sekunde nane au zaidi, maana katika familia zetu wapo wazee wanaosoma polepole na ambao ndio hasa tunataka wasome.

Hatua ya sita: panga folda moja na usiihamishe

Programu za video kama Shotcut na OpenShot hazimezi picha zako; faili la mradi hukumbuka tu mahali picha zilipo. Ukihamisha folda, au ukichomoa flashi iliyokuwa na picha, mradi utafunguka ukiwa na mapengo. Weka picha, muziki na mradi ndani ya folda moja kwenye kompyuta, zipe picha majina yanayoanza na 001, 002 na kuendelea ili mpangilio usivurugike, kisha nakili folda nzima kwenye diski nyingine.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kondoa anauliza: Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu ni ya zamani, ina RAM ya GB 2 na PowerPoint ya 2010. Je, nikate tamaa?

Marahaba. La, usikate tamaa. PowerPoint 2010 hutoa video ya WMV, si MP4, na televisheni nyingine hazitaisoma kwenye flashi. Unganisha kompyuta yenyewe na televisheni kwa waya wa HDMI, kama ina tundu lake, na ucheze video kwa programu ya VLC. Punguza picha kwanza kama nilivyoeleza, na ufunge programu nyingine zote wakati video inatolewa.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anauliza: Mwalimu, kwa nini hukutaja Canva? Mimi naipenda kwa sababu ya maandishi yake.

Maandishi yake ni mazuri kweli, na mwenye intaneti ya uhakika aitumie. Kumbuka tu kwamba picha hupakiwa mtandaoni: picha 60 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 240 za bando kabla hujaanza kazi, na video iliyokamilika utaipakua tena. Ukizipunguza picha hadi chini ya megabaiti 1, mzigo huo unashuka sana. Epuka pia vipengele vyenye alama ya kulipia.

Katibu wa kwaya, Mpwapwa: Tunataka kutumia nyimbo za Kigogo za zamani, ambazo hazina mwenyewe. Je, tuko huru?

Ndugu katibu, hapo pana vitu viwili. Wimbo wa asili unaweza usiwe na mtunzi anayejulikana, lakini rekodi ya wimbo huo ina wenyewe. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwa mfano, alirekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, na rekodi hizo hazikuwa mali ya kila mtu kwa sababu tu muziki una asili ya Ugogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi hizi, na mahali pa kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukiipandisha video YouTube, mfumo wake unaweza kuitambua rekodi na kuizuia video au kuelekeza mapato yake kwa mwenye haki. Nyinyi mna kwaya: imbeni wenyewe, rekodini kwa simu katika chumba tulivu chenye mapazia, na mtumie sauti yenu. Mkikosa nafasi, YouTube ina maktaba ya muziki wa bure kwa watengeneza video. Someni masharti ya kila wimbo, kwa kuwa nyingine zinataka mtunzi atajwe.

Mama mmoja wa Manyoni: Mwanangu alinitumia video ya harusi kwa WhatsApp ikafika na ukungu, lakini kwake ni safi.

Shikamoo mama. WhatsApp huibana video ili isafiri kwa urahisi. Mwambie aitume upya kama hati, si kama video, nayo itafika kama ilivyotoka kwake. Iwapo faili ni kubwa, aangalie kiwango cha biti alichotumia, yaani wingi wa data kwa kila sekunde ya video: video ya dakika tano kwa megabiti 8 kwa sekunde hufika megabaiti 300 hivi, na kwa megabiti 4 huwa nusu yake. Kwa picha zisizo na mwendo mwingi, tofauti ya ubora haitaonekana kwa urahisi.

Mwanachama wa Bahi: Televisheni ya ukumbi iliandika kwamba faili halitambuliwi, ingawa ni MP4.

Kaka, MP4 ni kasha tu. Huenda ndani yake picha zimebanwa kwa HEVC, yaani H.265, ambayo televisheni za zamani haziisomi. Itoe tena video kwa H.264. Ikiwa tayari ni H.264, angalia flashi yenyewe: iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa exFAT au NTFS hukataliwa na baadhi ya televisheni, na FAT32 hukubaliwa na nyingi, ila haipokei faili moja lenye ukubwa wa kufikia GB 4. Kuipanga upya flashi hufuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza vitu vyako, kisha jaribu kwenye televisheni hiyo hiyo kabla ya siku ya shughuli.