Zuio la tabia ya kero Uingereza: namna ya kulikatia rufaa

Kina mama wa hapa Chake Chake huniletea simu niwasomee: kijana yuko Uingereza, mahakama imempa amri asikanyage mtaa fulani, eti anawakera watu. Wanaanza kunieleza alivyolelewa vizuri. Mama yangu, sifa za mwanao hazitaifuta amri hiyo. Tuangalie ilivyotolewa.

Zamani amri hizi za kuzuia tabia ya kero zikiitwa ASBO, chini ya sheria ya 1998. Mwaka 2002 majaji wa juu kabisa waliamua kwamba hilo ni shauri la madai, ila ushahidi uwe mzito kama wa jinai. Sheria ya 2014 ikaleta zuio jipya mahali pa ASBO, na mwombaji, yaani anayeiomba mahakama itoe zuio, sasa anatosheka kuonesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Kubishana juu ya nani alipiga kelele usiku kumekuwa kugumu. Ndiyo maana nakazania utaratibu. (Nasema England na Wales tu, Scotland wana sheria yao.)

Mwambie apige picha kila karatasi akutumie: ombi, maelezo ya mashahidi, amri yenyewe, na bahasha zenye tarehe. Mtu mzima aliyepewa zuio na mahakama ya kaunti ana siku 21 za kukata rufaa, jaji asipopanga vingine, na zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, hata kama karatasi ilichelewa kumfikia. Anahitaji pia kibali cha kukata rufaa. Wa chini ya miaka 18 ombi dhidi yake hupelekwa mahakama ya vijana, na rufaa yake huenda mahakama ya juu yake, iitwayo Mahakama ya Crown.

Kisha muulize, bila kumkatiza: uliitwa? Ulipewa muda wa kusoma na kutafuta wakili? Kiingereza kilipokushinda, palikuwa na mkalimani? Jaji alikusikiliza kabla ya kuamua? Rufaa hukubaliwa uamuzi ukiwa na makosa, au ukiwa si wa haki kwa sababu utaratibu ulivunjwa vibaya. Tarehe iliyokosewa kidogo haitoshi. Kijana aonyeshe alichonyimwa: shahidi ambaye hakupata kumhoji, hati ambayo hakuiona. Atazame na masharti yenyewe, kwani sheria inataka yasigongane na saa zake za kazi au shule kadiri inavyowezekana.

Kama zuio lilitolewa bila yeye kuitwa, asikimbilie rufaa. Hilo ni la muda. Shauri litarudi mahakamani, na siku hiyo ajitokeze na wakili, aseme yake yote. Anaweza pia kuomba libadilishwe au liondolewe.

Na hili mpigie simu leo hii umwambie: kupeleka rufaa hakusimamishi amri. Akienda mtaa ule kumsalimia rafiki, na ni mtu mzima, anaweza kufungwa hadi miaka miwili, hata rufaa yake ikiwa nzuri. Amtii jaji mpaka jaji mwingine aseme vinginevyo.