Somo: Namna ya kuipima mashine ya pini ya betri kabla hujaitolea hela

Mafundi wenzangu, habari za kazi. Wengi mmeniuliza kuhusu hizi mashine ndogo za kupiga pini zinazotumia betri, hasa ninyi mnaofunga makabati, akitrevu (mbao za kuzungushia fremu ya mlango) na bidingi (vipande vyembamba vya mbao vya urembo na kufunika maungio) kwenye nyumba ambazo watu wameshahamia. Leo naeleza jinsi ninavyoipima mashine ya namna hiyo, hatua kwa hatua, na chini nimejibu maswali yenu.

Kwanza tuelewane pini ni nini. Nazungumzia msumari mwembamba wa geji 23 (geji ni namba ya unene wa msumari), unene wake kama milimita 0.6, isiyo na kichwa au yenye kichwa kidogo ambacho hukioni mpaka ukisogeze machoni. Geji 18 ina unene wa kama milimita 1.2, yaani mara mbili yake, na geji 16 ni kama 1.6. Namba ikipanda, msumari unakuwa mwembamba. Kazi ya pini ni kuushika ubao mahali pake mpaka gundi ikauke. Ukitaka ivute ubao uliopinda ulale kwenye ukuta, unaionea. Ndiyo maana mashine hii siipimi kwa ugumu wa kung'oa. Naangalia mambo mawili: tundu linabaki safi kiasi gani, na je, kila pigo linafanana na lililotangulia?

Hatua ya 1: Anza na pini, mashine baadaye

Kabla ya kuigusa mashine, zunguka madukani uliza pini za geji 23. Uliza urefu: 15, 18, 25, 30, 35. Mashine nyingi za betri zinaishia milimita 35. Makita DPT353, ambayo Marekani inaitwa XTP02, inapokea 15 hadi 35, na ile ndogo ya Milwaukee ya M12 nayo inaishia hapo hapo 35. Kwa kazi za kumalizia zinatosha. Lakini kama mji mzima una duka moja lenye pini, na lenyewe lina 25 tu, hiyo mashine itakulaza njaa. Nilishawahi kusimamisha kazi ya kabati siku mbili nikisubiri kiboksi cha pini kije na basi, na mteja hakutaka kusikia habari za basi.

Zitazame pini zenyewe pia. Zimegandishwa kwa gundi kama kipande cha bati. Zikishikwashikwa ovyo au kiboksi kikianguka zinavunjika vipande vidogo ambavyo magazini, ile reli ya mashine inayobeba pini, inavikataa. Chukua kiboksi ambacho hakijabonyea.

Hatua ya 2: Betri uliyonayo

Kama una drili na msumeno wa volti 18 wa kampuni fulani, anza kutafuta mashine ya kampuni hiyo hiyo, uinunue tupu, bila betri wala chaja. Mashine ya pini hainywi moto sana, betri ya saa-ampea 2.0 inakutosha siku nzima, na ni nyepesi kuliko ya 5.0. Msichanganywe na maandishi ya "20V" kwenye DeWalt za Marekani: ni betri ile ile inayoandikwa 18V kwingine. Ina seli tano mfululizo. Zikijaa chaji unapata 20 na kidogo, na zikiwa kazini unapata kama 18.

Hatua ya 3: Mdomo na kifyatulio

Ishike mashine, uelekeze mdomo kwenye ubao, halafu jiulize: naona pini itakapotokea? Kwenye kazi ya bidingi ya milimita 8 unalenga mfereji mdogo wa ile bidingi ili tundu lijifiche humo. Mdomo mnene unakuziba, unaanza kubahatisha. Angalia kama ncha ina kipande cha mpira cha kuzuia kukwaruza, na kama kuna cha akiba kimepachikwa pembeni ya mashine, maana hicho ndicho cha kwanza kupotea.

Usalama uko wa namna mbili. Zipo mashine ambazo lazima ubonyeze mdomo kwenye mbao ndipo zipige, na zipo zenye vifyatulio viwili vinavyobanwa pamoja. Ile ya kubonyeza inaacha alama kwenye msindano na kwenye vinia (ngozi ya mbao inayobandikwa juu ya ubao) nyembamba. Mimi napenda ya vifyatulio viwili kwa kazi laini, ila fundi mwenye wanafunzi wengi karakanani afikirie mara mbili, maana hiyo inaweza kupiga hata mdomo ukiwa hewani.

Kitu kingine ambacho wengi wanakiruka: pini zikiisha, mashine inajizuia kupiga? Kwenye geji 18 pigo tupu unalijua mara moja. Kwenye geji 23 ulimi wa chuma unaosukuma pini ni mwembamba sana, unaacha kitundu kinachofanana kabisa na tundu la pini. Unaweza kupiga bidingi nzima bila pini hata moja ndani na usigundue mpaka ubao uachie wenyewe. Mashine isiyojizuia mimi siinunui, hata iwe rahisi vipi.

Hatua ya 4: Pini hamsini

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo.

Naenda dukani na vipisi vyangu kwenye mfuko: mninga, mkongo, msindano wa Sao Hill, na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18. Muuzaji akikataa nisijaribu, namshukuru naondoka. Naanza na mkongo kwa sababu ndio mgumu kuliko yote ninayofanyia kazi. Pini ya 25, kipimo cha kina, yaani kirekebisho cha pini izame kiasi gani, nakiweka katikati, napiga kumi kwa mstari. Kisha napitisha ukucha juu ya mstari. Jicho linadanganya, ukucha haudanganyi. Pini iliyobaki juu hata kwa nywele moja inakwaruza ukucha, na kesho itachana msasa na kitambaa cha kupakia vanishi. Zikibaki juu naongeza kina, napiga kumi nyingine, napitisha ukucha tena.

Nikishapata kina kinachofaa, sigusi tena kile kipimo. Napiga hadi hamsini. Mashine nyingi dhaifu zinapendeza kwenye pini tano za kwanza, muuzaji anatabasamu, wewe unatoa hela. Shida inaanza kwenye ya ishirini: moja inazama, moja inabaki juu, moja inapinda. Kwenye hamsini, mimi nakubali moja au mbili zilizokutana na fundo la mbao. Zikifika tano naiweka mezani.

Baada ya mkongo nahamia msindano bila kubadilisha kina, nione imezama kupita kiasi gani. Hapo najua kazini nitahangaika na kile kirekebisho mara ngapi. Kwenye MDF natazama jambo jingine: pini ikiingia, MDF inavimba kidogo kuzunguka tundu, kama kichuguu cha sisimizi. Kila mashine inafanya hivyo, ila ile yenye mdomo uliokaa sawa inakiacha kidogo sana, msasa namba 180 unakiondoa ukipitisha mara mbili tatu.

Kama unaweza, rudia na betri iliyokaribia kuisha. Nyingi ya mashine hizi mota yake inakandamiza springi, au inabana hewa iliyofungwa ndani ya silinda, na hicho ndicho kinachopiga. Kwa hiyo chaji ikipungua mashine inapaswa ichelewe kujikusanya, lakini pigo lisilegee. Ikilegea, utakuwa unapiga vizuri asubuhi na vibaya jioni.

Hatua ya 5: Ukingoni

Chukua ukanda wa mninga wa unene wa milimita 10, upige pini karibu na mwisho wake, sentimita moja tu kutoka ncha. Usipasuke. Hiyo ndiyo sababu ya kununua geji 23, basi ithibitishe hapo hapo.

Halafu jaribu kona ya digrii 45, na hapa naomba msikilize vizuri. Ncha ya pini imechongwa kama patasi, si kama sindano, kwa hiyo ikikutana na nyuzi ngumu inakwenda upande. Ukiishika mashine hivi kwamba magazini inafuata urefu wa ukingo, pini ikipinda inatokea usoni pa ubao. Igeuze, magazini ikatishe ukingo kama msalaba, ili pini ikipinda iishie ndani kufuata urefu wa mbao. Mimi nilijifunza hili kwenye fremu ya mkongo: kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimeshika kona, pini ya 30 ikageuka ndani ya ubao na kutokea pembeni, ikaingia kidoleni chini ya ukucha. Tangu siku ile mkono wangu unakaa mbali na pini kwa zaidi ya urefu wake, na vijana wangu nawakagua.

Hatua ya 6: Uzito na kukwama

Inyanyue juu ya kichwa kana kwamba unapiga konishi (ukanda wa urembo wa kona ya ukuta na dari), ikae hapo dakika mbili ukiwa na betri yake. Mashine ya upepo, ile inayotumia kompresa, ina kama kilo moja, ya betri inakaribia mbili, na tofauti hiyo bega linaijua. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe jinsi pini iliyokwama inavyotolewa. Ikihitaji kufunguliwa skrubu nne, uamuzi ni wako.

Na kompresa? Kwa anayeshinda karakanani, kompresa ndogo na mashine ya upepo bado ni rahisi, ni nyepesi, na inapiga pini ndefu zaidi, hadi milimita 50 kwa baadhi yake. Faida ya betri inaonekana unapokwenda kwa mteja: ghorofa ya nne, umeme umekatika, mtoto amelala chumba cha pili, na wewe una bidingi tatu tu za kurudishia. Hapo sibebi kompresa na mpira wa mita kumi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Naweza kufunga sketing (ubao wa chini ya ukuta) kwenye ukuta wa tofali kwa pini? — Dodoma

Marahaba mwanangu. Hapana. Pini haiingii kwenye plasta na tofali, na hata ingeingia isingeishika sketing. Toboa, weka plagi ya skrubu na skrubu yake, au gundi ya ujenzi. Pini tumia kwenye kile kipande kidogo cha kufungia mwisho wa sketing na kwenye kona za nje, mbao kwa mbao, pamoja na gundi.

Fundi, hapa Mombasa kila kitu chashika kutu. Pini nazo je? — Mombasa

Kaka, zitashika. Chumvi ya bahari inafika hadi ndani, na tundu la geji 23 likipata unyevu linatoa doa la kahawia chini ya rangi nyeupe. Kwa milango ya nje, bafuni na jikoni tafuta pini za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali, lakini unatumia chache. Kwa kabati la chumba cha kulala zile za kawaida zinatosha, mradi uzibe tundu na upake rangi mapema.

Dada yangu anarudi kutoka Marekani, ananiletea mashine ya volti 18. Kuna la kuangalia? — Mwanza

Mwambie aache chaja huko. Chaja za kule nyingi ni za volti 120, ukiichomeka kwenye 230 yetu unaiunguza. Alete mashine tupu, chaja nunua hapa ya kampuni ile ile. Kama lazima alete betri, aiweke kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, isiwe kwenye sanduku linalopakiwa chini. Mpaka wa kawaida ni saa-wati 100, na betri ya volti 18 yenye 5.0 ni 90, inapita. Ya 6.0 ni 108, hiyo aombe ruhusa ya shirika la ndege kwanza.

Matundu yanazibwa kabla ya vanishi au baada? — Morogoro

Mimi napaka koti la kwanza la vanishi, linakauka, napiga msasa mwepesi, ndipo naziba kwa nta ya rangi ya mbao ile. Ukiziba kwa filla mbao ikiwa mbichi, filla inaingia kwenye vinyweleo kuzunguka tundu na unapata doa kubwa kuliko tundu lenyewe. Kwa rangi ya kufunika, ziba mapema tu kwa filla laini.

Mwalimu, nimeona iliyotumika inauzwa. Nitajuaje kama bado nzima? — Nairobi

Nenda na kipisi cha mbao ngumu na pini zako mwenyewe. Piga ishirini. Kisha toa betri na pini, ufungue mdomo utazame ncha ya ule ulimi: iwe na pembe kali. Ikiwa imeviringika, itateleza juu ya pini na kuziacha juu. Ulimi unabadilishika, ila uliza kwanza kama spea inapatikana. Kwa zile za silinda ya hewa, pigo likiwa dhaifu tangu la kwanza huenda hewa imevuja, na kuijaza upya si kazi ya kila fundi. Hiyo iache.

Nimemaliza chuo mwaka huu, nina hela ya mashine moja tu. Ninunue ya pini au ya geji 18? — Tanga

Dada, nunua geji 18. Itafunga akitrevu, migongo ya droo, sketing ya mbao kwa mbao, na hata bidingi nyingi, ukikubali kuziba tundu kubwa kidogo. Ikishajilipa kwa kazi zako, njoo uniulize tena kuhusu geji 23, na uje na vipisi vya mbao unazofanyia kazi huko.