Jinsi ya Kurekodi na Kuchambua Wimbo wa Nyangumi wa Nundu

Kuanzia Julai hadi Septemba, nyangumi wa nundu wanaotoka bahari za Antaktika hupita pwani ya Kenya na Tanzania, na madume huimba. Kuusoma wimbo huo hakuhitaji meli ya utafiti. Haidrofoni moja, yaani maikrofoni ya majini, waya wa mita 20 na kinasa sauti vinatosha, mradi una subira ya saa nzima. Subira ndiyo inayowashinda wengi.

Ondoka alfajiri, kabla kusi haijakaza. Kaa mbali na mwamba: kamba wadogo wanaofyatua makucha huijaza rekodi mlio kama wa mafuta yanayokaanga. Ukifika kilindini, zima injini pamoja na kipima kina, maana mipigo yake nayo hunaswa. Usimsogelee nyangumi chini ya mita 100. Wimbo wake husikika kilomita kadhaa, na ukimpa bughudha huenda akanyamaza.

Usitie nanga. Mkondo ukipita kwenye waya uliokazwa, waya hutetemeka na kutoa mngurumo unaofunika milio mizito ya nyangumi, na hakuna programu itakayouondoa vizuri baadaye. Acha chombo kichukuliwe na maji. Funga chubwi ya kilo 1 chini ya haidrofoni, iteremshe mita 10 hadi 15, kisha uning'inize waya kwenye boya kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu hiyo humeza mivuto ya mawimbi. Bila hiyo, kila chombo kinapopanda utasikia kishindo.

Rekodi faili la WAV, yaani lisilobana sauti, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, biti 24. Kwa chaneli moja, saa 1 itachukua takriban MB 520. MP3 haifai, kwa sababu hutupa sauti ambazo sikio la binadamu halizijali, na huenda ndizo utakazotaka kuzipima. Zima mfumo wa kinasa unaojirekebishia kiwango cha sauti, kisha weka kiwango ili vilele vifike karibu na desibeli -12. Anza kwa kutamka tarehe, saa na mahali ulipo.

Halafu usikatishe. Wimbo mmoja mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 20, pengine 30, na hurudiwa kwa saa nyingi. Wewe umeukuta katikati. Mpaka uzunguke mara mbili kamili, huwezi kujua kipi kinafuata kipi. Rekodi ya dakika 5 ni ya kusisimua, lakini haichambuliki.

Nyumbani, fungua faili katika programu ya Audacity au Raven Lite, zote za bure, utazame spektrogramu, yaani picha inayoonyesha milio mizito chini na myembamba juu kadiri muda unavyopita. Weka dirisha (kipande cha sauti kinachopimwa kwa mara moja) la sampuli 4,096, hezi 0 hadi 4,000, sekunde 30 kwa ukurasa. Mguno utauona kama ngazi ya mistari iliyolala, na mlio unaopanda kama ndoana. Upe kila mlio herufi. Ukipata mguno, mguno, ndoana, kisha tena mguno, mguno, ndoana, andika AAB, AAB: huo ni mshororo. Mshororo uleule ukirudiwa mfululizo ni ubeti, na beti zikifuatana kwa mpangilio ndizo wimbo. Ngazi hizi zilielezwa na watafiti Roger Payne na Scott McVay katika jarida la Science mwaka 1971. Idadi ya marudio hubadilika, kwa hiyo tambua ubeti kwa umbo la mshororo, wala si kwa urefu wake.

Kosa la kawaida ni kudhani wimbo umekwisha pale sauti inapofifia. Mwimbaji amepanda kuvuta pumzi tu, na mara nyingi huendelea alipoachia. Milio ikipandana bila utaratibu, huenda wako wawili. Fuata ule wenye nguvu, uache hafifu.

Madume wa eneo moja huimba karibu wimbo uleule, nao hubadilika kadiri msimu unavyosonga. Basi anza jina la kila faili na tarehe, na usichanganye rekodi za miaka miwili katika jedwali moja.