Injini inamisi baada ya kufungwa upya? Anza na koili

Gari limetoka kubadilishwa gasketi ya silinda hedi na sasa linamisi, yaani silinda haichomi mafuta vizuri? Tafadhali usikubali injini ifunguliwe tena haraka. Kagua kwanza vilivyoguswa: soketi ya koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ambayo haikulia "tak" ilipochomekwa, au mpira wa hewa uliosahaulika nyuma ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Halafu pima kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Ikisoma P0302 (silinda ya 2 inamisi), koili ya silinda ya 2 ihamishie ya 3, futa kodi, washa tena. Ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, jaribu hivyo hivyo kwa plagi, kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Ikiwa ndogo kwenye silinda hiyo tu, hapo ndipo ushuku valvu au gasketi yenyewe. Safari ndefu ziache kwa sasa. Petroli isiyoungua inaharibu kataliti ya eksozi (kisafisha moshi).