Jinsi ya kufasiri neno la Kiingereza "gross"

Niliwahi kupewa manukuu ya filamu niyahariri. Mtoto anasukuma sahani ya konokono, anasema "gross!" Mfasiri kaandika "Jumla!" Hakuwa mvivu. Kamusi yake ilianza na maana ya hesabu, naye akaishia hapo. Tangu siku ile, wanaoanza kazi hii nawapitisha njia moja.

Hatua ya 1: Anza na unene. Neno limetoka katika Kilatini, *grossus*, yaani -nene. Likapita Kifaransa, *gros*, likaingia Kiingereza. Kitu kinene ni kitu kizima, hakijapunguzwa: ndiyo maana ya mshahara kabla ya makato, na ya mzigo uliopimwa pamoja na kasha lake. Hata "grocer", muuza vyakula, ni wa ukoo huo, kwani zamani aliuza kwa jumla.

Hatua ya 2: Tazama enzi ya maandishi. Kitu kinene pia hakijalainishwa, na kisicholainishwa hukwaruza, kwa hiyo neno likahamia kwenye tabia, likawa ufidhuli. Shakespeare katika *Hamlet* analitumia kwa magugu yaliyojaa bustani. Hapo ni kustawi kwa kukithiri, usikimbilie kinyaa. Maana ya kinyaa tuijuayo leo ilienea kwa wanafunzi wa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Neno lilikwishazoea kuyapa uzito mabaya, kama uzembe uliopindukia. Wao wakaliacha lisimame peke yake.

Hatua ya 3: Chagua Kiswahili chake. Hapa usiharakishe. Kwenye sheria, "gross negligence" iandike "uzembe mkubwa". Kwenye uchumi, "pato ghafi", na neno hili nalipenda sana: ghafi ni kile ambacho hakijasafishwa, kama mafuta ghafi, nasi tumelipeleka kwenye mishahara kabla ya makato. Tumefika palepale kwa njia yetu wenyewe.

Kwa konokono, usitafute kivumishi. Kiingereza kinakibandika chakula sifa. Kiswahili kinaweza kumpa mlaji hisia. Chakula kinatia kinyaa, au mtu anaona kinyaa. Ukiandika "Hiki ni cha kuchukiza", sarufi iko sawa, lakini hakuna mtoto anayesema hivyo mezani.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti. Manukuu ni mafupi na mtoto hahutubii. Nilifuta "Jumla!", nikaandika: "Sili! Naona kinyaa!"