Jinsi ya kuisoma katiba ukitafuta mianya ya muhula wa rais

Wadau, kila Bunge likikaa hapa Dodoma vijiweni ni ubishi kama rais anaweza kujiongezea muhula au hawezi, na wengi wanabishana bila kuigusa katiba yenyewe. Tafuta Katiba ya Tanzania ya 1977 ya Kiswahili, kwenye simu ipo, ila mi nashauri utoe kopi stationari ukae na kalamu maana utakuwa unaruka huku na huku.

Anza ibara ya 40. Ibara ndogo ya (2) inasema hakuna atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili, watu wakifika hapo wanafunga, wakati kazi iko ndogo ya (4): Makamu akirithi kiti akakikalia chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kugombea mara mbili, mitatu au zaidi anagombea mara moja tu. Yaani kuna mtu anaweza kukaa Ikulu karibu miaka 13 na hajavunja chochote. Magufuli alifariki 17 Machi 2021, muhula wake wa pili ulianza Novemba 2020, Samia akaapishwa 19 Machi, kwa hiyo ilibaki zaidi ya miaka minne na nafasi yake ilikuwa moja, ameshaitumia 2025. Anayekwambia bado ana nyingine mfungulie hapo.

Halafu rudi 37 ndogo ya (5). Makamu anamalizia muda uliobaki, uchaguzi haurudiwi, na Makamu mpya anapendekezwa na rais akishashauriana na chama chake, Bunge linathibitisha. Ndo alivyopita Philip Mpango kuwa Makamu Machi 2021. Sasa fikiria na huyo wa pili naye angerithi, tungekuwa na rais ambaye jina lake halikuwahi kuwa kwenye karatasi ya kura ya urais! Hili linaniuma kuliko hata muhula wa tatu na sisikii mtu analisema.

Ibara ya 42 isome taratibu. Inaweka miaka mitano, na nchi ikiwa vitani Bunge linaweza kuongeza muda, kila nyongeza isizidi miezi sita, ila haitaji nyongeza ziwe ngapi. Na mnakumbuka 2017 mbunge wetu wa Chemba, Juma Nkamia, alitaka miaka mitano iwe saba? Ile hoja haikugusa ukomo wa mara mbili kabisa, ilikuwa inarefusha kila muhula, miwili ya miaka saba ni 14. Iliishia njiani, lakini njia yenyewe bado ipo wazi.

Maana ukifika 98 ndo unaelewa. Kubadili vifungu hivi ni theluthi mbili ya wabunge wote, kura ya maoni ya wananchi haidaiwi. Uganda walifuta ukomo wa mihula 2005, wakafuta na umri 2017, vyote kupitia bungeni. Rwanda 2015 angalau waliitwa kupiga kura.

Kwa hiyo ukisikia muswada wa mabadiliko ya katiba umeingia, usisubiri uone neno muhula kwenye kichwa cha habari. Chukua muswada wenyewe, angalia kama unagusa 37, 40, 42 au 98, weka na kopi yako pembeni usome mstari kwa mstari, ukikuta kitu mpigie mbunge wako kabla haujasomwa mara ya pili, baada ya hapo wanakuwa wanahesabu kura tu.