SOMO: Kushuka loki na boti nyembamba bila kunasa kwenye kizingiti

Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naweka majibu yote hapa. Linahusu loki (vyumba vya maji vyenye malango, vya kupandisha na kushusha boti) nyembamba za mifereji ya Uingereza, zenye upana wa kama mita 2.1. Boti ina mita 2.08.

1. Funga boti juu ya loki. Kama loki ni tupu na kuna boti inapanda, isubiri, msipoteze maji.

2. Hakikisha vilango (matundu ya kupitisha maji, yenye vifuniko) vya chini vimefungwa, fungua vya juu, loki ijae.

3. Pandisha dafrao (mito ya kuzuia boti isigongwe) zote za ubavuni. Ingia polepole, kisha funga lango na vilango vya juu.

4. Hapa ndipo boti huzama. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe au zege, na huweza kutokeza hadi mita 1.5 ndani ya loki. Loki ikijaa hukioni. Maji yakishuka huku tezi (nyuma ya boti) au usukani uko juu yake, nyuma inabaki imekalia jiwe na omo inazidi kuinama, maji yanaingia kwa mbele, na dakika chache baadaye boti iko chini. Pembeni mwa loki kuna mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinapoishia. Usukani wote uwe mbele ya mstari huo tangu mwanzo hadi mwisho, maana boti haitulii maji yanapotoka. Acha gia ya mbele, injini taratibu, macho nyuma.
KAMBA USIIFUNGE. Izungushe kwenye nguzo, ishike mkononi, iachie kadiri maji yanavyoshuka.

5. Mwenye hendeli (mpini wa kuzungusha ili kufungua vilango) afungue kilango kimoja nusu, amtazame msukani, ndipo aendelee. Hendeli isiachwe kwenye mhimili: kile chuma kinachozuia meno kikiponyoka, inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

6. Boti ikinasa: piga kelele, funga vilango vya chini KWANZA, kisha fungua vya juu kidogo kidogo mpaka ielee. Usijaribu kuisukuma.

7. Toka, teremsha vilango kwa hendeli, funga lango.

MASWALI

— Mkuu, nikifunga kamba mbele na nyuma si boti itatulia zaidi?
Soma namba 4. Itatulia ikining'inia hewani.

— Sijasoma yote, ila mimi niko peke yangu, naweza kuacha boti nikafungue vilango?
Soma yote kwanza, ndugu yangu, halafu uulize.

— Samahani mkuu, mstari ukiwa umefutika nitajuaje kizingiti kinaishia wapi?
Swali zuri sana. Ukiikuta loki tupu, kitazame kabla hujaijaza: utaona ukingo uliolowa, wenye ukoga, chini ya lango la juu. Linganisha mwisho wake na jiwe au nguzo iliyo ukingoni, iwe alama yako. Ukiikuta imejaa, sogea mbele uwezavyo. Boti ya mita 21 kwenye loki yenye nafasi ya mita 22 mbele ya kizingiti itakaribia kugusa lango la chini, kwa hiyo weka mtu wa kuangalia omo pia, kwani dafrao ya mbele huweza kunasa kwenye boriti za lango.

— Na kupanda?
Kizingiti kinakuwa mbele yako. Anza na vilango vya ardhini, vinavyopitisha maji chini kwa chini kando ya lango. Vile vya kwenye lango vikifunguliwa mapema humwaga maji moja kwa moja kwenye sitaha ya mbele. Angalia omo isiingie chini ya boriti.

— Nyongeza: bebeni hendeli mbili na sumaku yenye kamba, zinaangukia sana majini.
Kweli kabisa, dada. Ila ya alumini haishikwi na sumaku. Ya chuma ni nzito kidogo lakini utaiopoa.